Vibanda Viwili vya Upweke: "For Emma, Forever Ago" au "songs"?

Mtu anayetafuta albamu moja ya foki, yaani muziki wa gitaa wenye mizizi katika nyimbo za kienyeji, tulivu na yenye simanzi, ya kukaa nayo baada ya kuachana na mpenzi, mara nyingi huelekezwa kwenye moja kati ya kazi mbili za Kimarekani: "For Emma, Forever Ago" ya Bon Iver, iliyotoka mwaka 2007, au "songs" ya Adrianne Lenker, iliyotoka mwaka 2020. Kwa anayezitazama kwa mbali ni kama pacha. Zote mbili zilirekodiwa ndani ya kibanda cha mbao mbali na mji, na mtu ambaye uhusiano wake ulikuwa umevunjika muda si mrefu. Zote zimejengwa juu ya gitaa na sauti ya mwimbaji. Na urefu wake ni wa kukaribiana, chini kidogo ya dakika 40 kila moja. Hata kampuni ya 4AD ya London ina mkono katika zote mbili, kwani ndiyo iliyoitoa ya kwanza kwa wasikilizaji wa Ulaya mwaka 2008, na ndiyo iliyoitoa ya pili. Kwa sababu hiyo anayeuliza aanze na ipi hujibiwa kwamba yoyote itamfaa. Jibu hilo silikubali, kwa kuwa albamu hizi zinatofautiana katika jambo moja linaloamua mengine yote: katika kila moja, mwimbaji anazungumza na nani?

Nianze na ile kongwe. Bon Iver, wakati huo, lilikuwa jina la mtu mmoja tu, Justin Vernon, mzaliwa wa Eau Claire katika jimbo la Wisconsin. Alikuwa amehamia Raleigh, North Carolina, pamoja na wenzake wa bendi ya DeYarmond Edison, na mwaka 2006 mambo yakamwendea kombo yote kwa mpigo: bendi ikasambaratika, uhusiano wake wa mapenzi ukaisha, naye akaugua mononukleosi, maradhi ya kuvimba tezi ambayo kwake yalifika hadi kwenye ini. Akafunga virago, akarudi kwao, akaingia katika kibanda cha uwindaji cha baba yake kaskazini magharibi mwa Wisconsin, akakaa humo takriban miezi mitatu ya majira ya baridi. Alipasua kuni, aliwinda kulungu kwa ajili ya kitoweo, na hakwenda kwa nia ya kutengeneza albamu. Vifaa alivyokuwa navyo vilikuwa haba: maikrofoni ya Shure SM57, ambayo fundi yeyote wa sauti anaijua kuwa ni ya kawaida kabisa, kompyuta ya zamani na gitaa chache. Hata jina la Bon Iver limetokana na maneno ya Kifaransa yenye maana ya "majira mema ya baridi", ambayo Vernon aliyasikia katika tamthilia ya televisheni kama salamu ya watu wa mji mdogo siku theluji ya kwanza inapoanguka.

Hadithi hii imesimuliwa mara nyingi hadi imekuwa kubwa kuliko albamu yenyewe, na mnunuzi anapaswa kuwa na tahadhari nayo. Si kila sauti iliyomo ilitoka kibandani. Tarumbeta na tromboni zinazosikika katika wimbo unaobeba jina la albamu zilipigwa na wanamuziki wengine. Aidha, kazi yote ilikusudiwa kwanza kuwa nyimbo za mfano za kupelekewa kampuni za muziki, mpaka marafiki walipomwambia kwamba tayari alikuwa na albamu mkononi. Alitoa mwenyewe takriban nakala 500 mwaka 2007, na Februari 2008 kampuni ya Jagjaguwar ikaisambaza Marekani. Hayo hayaipunguzii albamu thamani, ila yanasaidia kuisikiliza jinsi ilivyo: ni kazi iliyopangwa kwa uangalifu, tabaka juu ya tabaka, wala si kilio kilichonaswa kwa bahati.

Tabaka hizo ndizo siri yake. Vernon, ambaye kabla ya hapo alikuwa akiimba kwa sauti yake nzito ya kawaida, humu anaimba karibu muda wote kwa ile sauti nyembamba ya juu ambayo mwanamume huitoa anapoiacha sauti ya kifuani, kisha anairekodi tena na tena na kuzipanga sauti hizo pamoja mpaka mtu mmoja anageuka kwaya. Sikiliza "The Wolves (Act I and II)". Unaanza na gitaa lisilo na haraka na sauti mbili tatu. Halafu kirai kimoja kinachohusu kile ambacho pengine kimepotea kinarudiwa, na kila kinaporudiwa sauti nyingine inaongezeka, hadi inapofika dakika ya nne ngoma zinaanza kuanguka ovyo kama kuni zinazotupwa sakafuni. Unaposikiliza kwa hedfoni unazungukwa na watu wengi, na wote ni yeye. Sijui albamu nyingine inayoeleza vizuri namna hii hali ya mtu aliyekaa peke yake muda mrefu mpaka akaanza kujijibu.

Kuhusu maneno, hapa ndipo wengi hukwama. Vernon ameeleza mara kadhaa kwamba katika nyimbo hizi alianza kwa kuimba milio isiyo na maana juu ya gitaa, kisha akairudia kuisikiliza na kuandika maneno ambayo milio ile ilielekea kuyatamka. Matokeo yake ni mashairi ambayo hata mzungumzaji wa Kiingereza hayafasiri moja kwa moja. Yana picha zinazowaka na kuzimika, kama pale anapotaja Qumran, mahali palipogunduliwa hati za kale zilizofichwa mapangoni, katikati ya wimbo ambao kwa sehemu unahusu pesa alizozipoteza katika kamari. Sikio lililolelewa na taarabu, ambako msikilizaji huinuka kwenda kutunza hasa kwa sababu ya ubeti mmoja uliomchoma, linaweza kuudhika na utaratibu huu. Hata mimi niliudhika mwanzoni. Nilichokuja kukitambua baadaye ni kwamba ukungu huo wa maneno una faida kwa mwenye jeraha bichi: wimbo hautaji jambo lolote mahususi linaloweza kukugusa pale ulipoumia. Huyo Emma wa kwenye jina, kwa maelezo ya Vernon mwenyewe, ni zaidi ya mtu. Ni mahali ambapo mtu hunasa asitoke.

Kwa hiyo hakuna anayezungumzwa naye. Msomaji makini atanipinga kwa kuutaja "Skinny Love", wimbo mashuhuri kuliko yote humu na ambao mwaka 2011 uliimbwa upya na msichana wa Kiingereza, Birdy, ukasambaa zaidi. Ni kweli kwamba humo yumo anayeitwa na kukemewa, tena kwa sauti inayokwaruza, gitaa likipigwa kwa nguvu za mkono mzima. Hata hivyo, anayeombwa adumu walau mwaka huu ni upendo wenyewe, upendo uliokonda kwa kutolishwa, wala si mtu mwenye uso na jina. Wimbo huo ndio mlango wa albamu kwa watu wengi, nao unapotosha kidogo, kwani anayeingia kwa ajili ya hasira ile ataikuta mara moja tu.

Sasa tugeukie kibanda cha pili. Adrianne Lenker, mwimbaji na mtunzi wa bendi ya Big Thief, alikuwa katika ziara ya Ulaya Machi 2020 wakati janga la Uviko-19 lilipoikatiza. Alirudi Marekani akaenda kukaa katika kibanda cha chumba kimoja Westhampton, katika vilima vya magharibi mwa Massachusetts, naye pia akiwa na moyo uliovunjika. Alikisifu chumba kile kwa kusema kwamba kukaa humo ni kama kukaa ndani ya gitaa, na kauli hiyo ndiyo iliyozaa albamu: alimwita fundi wa sauti, Philip Weinrobe, aje na mitambo yake ili wainase sauti ya chumba chenyewe. Weinrobe alikuja na mashine za kanda, na kazi yote, tangu kurekodi hadi hatua ya mwisho, ilifanywa bila kupitishwa katika kompyuta. Lenker alikuwa amepanga kurekodi nyimbo alizokuwa nazo tayari, lakini alipofika fundi zilianza kumjia mpya, na kati ya nyimbo 11 zilizomo, 9 zilitungwa wakati huohuo wa kurekodi.

Tofauti ya kwanza inasikika kabla hata hajaimba. Katika albamu ya Bon Iver kimya ni cheupe na kina mwangwi. Katika "songs" kimya kina vitu ndani yake. Unasikia vidole vikiteleza juu ya nyuzi, mbao zikiitika, na katika "zombie girl" ndege wakilia nje ya dirisha bila kujali kinachoimbwa. Wimbo uitwao "come" umerekodiwa mvua ikinyesha, nao hauhusu mapenzi hata kidogo: ni maombi ya mtu anayekufa akimtaka binti yake aje amsaidie kuaga dunia. Ninautaja kwa makusudi, ili anayeinunua albamu hii kwa ajili ya mapenzi yaliyovunjika ajue kwamba atakutana pia na msiba wa aina nyingine, bila kuonywa, katikati ya safari.

Upigaji wake wa gitaa unastahili kusimamishwa na kutazamwa. Lenker hupiga kwa vidole, nyuzi za chini zikitembea kama hatua za mtu na nyuzi za juu zikisuka kitu kingine kisichopatana nazo kabisa, hivi kwamba gitaa moja linasikika kama mawili. Vernon hutumia gitaa kama sakafu ya kusimamishia kwaya yake, na ukimwondolea zile tabaka za sauti kinachobaki ni kipigo cha kawaida, ingawa kizuri. Kwa Lenker gitaa lina maoni yake. Katika "anything" linakwenda mbio nyepesi, karibu la furaha, huku mwimbaji akisimulia vitu vidogo ambavyo mtu hubaki navyo baada ya kuachana: suruali inayoanikwa kwa kibanio, embe mdomoni mwa mpenzi na maji yake yakichuruzika, mbwa aliyemng'ata mkono hata akakimbizwa hospitali, ugomvi uliozuka juu ya orodha ya manunuzi. Halafu kiitikio kinasema kwamba hataki kuzungumza juu ya chochote, anataka tu kuyabusu macho ya yule mtu tena.

Embe lile ndilo linalonifanya niseme kwamba albamu hizi si pacha. Mtu yeyote anayesoma makala hii amemwona mpenzi wake akila embe, kiganja kikiwa chini ya kidevu ili maji yasidondoke kwenye nguo, na kwa hiyo hahitaji kufahamu Massachusetts ili aumie. Lenker anazungumza na mtu. Neno "wewe" limo karibu katika kila wimbo, na huyo "wewe" ana macho, ana nguo, ana hasira zake. Hata pale anapobaki peke yake kabisa, katika "zombie girl", baada ya kuota kwamba mwenzake yupo na kuamka akiwa hayupo, anaugeukia utupu wenyewe na kuuliza una tabia gani, kana kwamba nao ni mgeni aliyeingia akakaa kitandani. Vernon akikosa mtu wa kuzungumza naye hujizidisha mwenyewe. Lenker huvumbua msikilizaji.

Kutokana na hilo ushauri wangu hauendi sawa na ule unaosikika mara nyingi, kwamba albamu mpya na laini zaidi ndiyo dawa ya jeraha jipya. Naona ni kinyume chake. Aliyeachwa juzi, ambaye bado anafungua simu usiku kuangalia kama yule mwingine yuko mtandaoni, asipewe "songs". Kila wimbo utamrudishia mtu mzima mzima, na harufu yake na nguo zake, na ulaini wa sauti ya Lenker utamfanya aamini kwamba kuandika ujumbe saa nane usiku ni jambo la busara. Mtu wa namna hiyo anafaa kupewa "For Emma, Forever Ago", ambayo humwacha aomboleze bila kumwonyesha picha. Baridi ya albamu ile, ambayo baadhi ya watu huilaumu kuwa ni umbali wa makusudi, kwake ni hifadhi. Miezi ikishapita, kumbukumbu zinapoanza kufifia na mtu akaogopa kufifia kwake kuliko alivyoogopa maumivu, hapo ndipo "songs" inapokuwa na kazi ambayo ile nyingine haiwezi kuifanya.

Mazingira ya kusikilizia nayo yana uzito, hasa kwa sisi ambao muziki mwingi tunausikia safarini. Nimewahi kujaribu kuisikiliza "songs" ndani ya basi la abiria kwa hedfoni za bei nafuu, na kilichonifikia kilikuwa mnong'ono na injini; nusu ya thamani ya albamu ile iko katika sauti ndogo za chumba, na sauti ndogo hazishindani na barabara. Bon Iver hustahimili zaidi. Sauti zilizorundikwa katika "Creature Fear" zina mwili, na "Team", kipande kifupi kinachofuata, chenye ngoma na mtu anayepiga mluzi, hupenya hata kwenye spika ya simu. Mwenye kusikiliza usiku nyumbani, taa zimezimwa na jirani amelala, anaweza kuchagua yoyote. Mwenye kusikiliza njiani aanze na ya Vernon.

Kwa wapenzi wa santuri na wa sauti ya kanda, uamuzi unaelekea upande wa pili, kwa kuwa kazi ya Lenker haikupitia kompyuta katika hatua yoyote na inapata haki yake hasa kwenye sahani. Inayo pia mwenzake: siku hiyohiyo, tarehe 23 Oktoba 2020, ilitoka "instrumentals", albamu yenye vipande viwili virefu visivyo na maneno. Cha kwanza kimeunganishwa kutokana na upigaji wa gitaa wa papo kwa papo ambao Lenker na Weinrobe waliufungulia na kuufungia kila siku ya kazi. Cha pili kwa sehemu kubwa ni kengele za upepo. Kama muziki wa kusikiliza kwa makini kinachosha, nami sijawahi kukifikisha mwisho nikiwa nimekaa wima. Kama kitu cha kuwashiwa mtu asiyeweza kulala, ni msaada ambao Bon Iver hana wa kulingana nao.

Lipo jina la tatu ambalo huingizwa katika mjadala huu, "Sea Change" ya mwimbaji wa Kimarekani Beck, ya mwaka 2002, iliyotokana na kuvunjika kwa uhusiano wa miaka mingi. Ni albamu nzuri, lakini ni ya studio kubwa, imetayarishwa na Nigel Godrich, ina nyuzi za okestra zilizopangwa na David Campbell, babake Beck, na inazidi dakika 50. Huzuni yake imevaa suti. Anayetaka sauti ya mtu aliyebaki na gitaa na kuta nne hataipata humo, na kwa sababu hiyo naiweka kando.

Kinachobaki ni jambo la mlango. Kwa Bon Iver mtu asianze na "Skinny Love" kwa sababu nilizozieleza. Aanze na wimbo wa kwanza, "Flume", aache albamu imchukue kwa mpangilio wake mpaka "re: Stacks", ambao ni wa mwisho na mrefu kuliko yote, zaidi ya dakika sita za gitaa moja na sauti ambayo hatimaye imepunguziwa kwaya yake. Ni wimbo pekee humo unaonifanya nihisi kwamba mtu yule ameufungua mlango wa kibanda na kutoka nje, na haupati nguvu hiyo ukisikilizwa peke yake. Kwa Lenker mpangilio hauna lazima hiyo. "anything" inatosha kwa siku ya kwanza, na asiyeguswa nayo hatageuzwa na nyingine kumi zilizobaki.

Kama ningelazimika kumnunulia mtu moja tu bila kujua yuko wapi katika safari yake, ningemnunulia "For Emma, Forever Ago", ingawa kwangu mimi "songs" ndiyo kazi bora zaidi kati ya hizo mbili na ndiyo ninayoirudia. Ya Lenker ningemwekea kabatini, nimpe siku ambayo jina la yule mwingine litatajwa mezani na kijiko chake kisisimame hewani.